Maduka ya ukoo ya Uingereza yenye miaka 200, 300 hadi 500: jina la mzee liko mlangoni, ila damu iliyomo ndani si yake

MbebaMaboksi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni dereva wa vifurushi hapa London, huu mwaka wa sita. Kazi ni kukimbizana na saa mpaka giza, ila ina zuri lake: unaingia mlango wa mbele na wa nyuma wa kila aina ya jengo, na kutazama hakulipiwi. Njia yangu ya Jumatano hupita St James's, mtaa wa wenye nazo tangu enzi na enzi. Siku moja napeleka mzigo jengo la jirani, nikachungulia namba 3. Sakafu ya mbao imelala upande kama jahazi lililopwelewa. Ndani kuna mizani kubwa, ya kupimia magunia hasa, si ya sukari robo. Nje jina: Berry Bros. & Rudd, wauza mvinyo. Duka la 1698.

Hebu tulieni hapo kidogo. Desemba ya 1698 ndipo Waomani walipoingia Fort Jesus na kuwatoa Wareno Mombasa. Mwaka huohuo huku London mtu alifungua duka la kahawa na mahitaji ya nyumbani, akatundika kibao chenye picha ya kinu cha kahawa, maana nyumba zilikuwa hazina namba na wateja wengi walikuwa hawasomi. Duka lingalipo, mtaa uleule.

Nikasema moyoni, hawa jamaa wanajua kurithishana: baba, mwana, mjukuu, kitukuu, mstari umenyooka. Kwetu mzee akifariki, arobaini haijafika, watoto wa mama mkubwa na wa mama mdogo wako mahakamani na fremu ina kufuli tatu. Basi usiku nikirudi nikawa nasoma historia zao, moja baada ya nyingine. Nilichokuta kimenigeuza kabisa, ndiyo sababu ya huu uzi.

Aliyefungua lile duka ni mwanamke. Anatajwa kama Mjane Bourne. Binti yake Elizabeth akaolewa na William Pickering, duka likaenda kwa mkwe. Pickering akafa, Elizabeth akaliendesha mwenyewe mpaka wanawe waliposhika. Baada yao likaangukia kwa jamaa yao, John Clarke. Clarke naye binti yake aliolewa Exeter na mtu wa ukoo wa Berry, na mjukuu aliyezaliwa huko, George Berry, ndiye aliyeletwa London akiwa kijana mbichi. Mwaka 1810 jina lake likapakwa juu ya mlango. Rudd kaingia 1920, mjuzi wa mvinyo, kaja na ujuzi wake. Kwa hiyo zaidi ya miaka mia ya mwanzo hapakuwa na Berry yeyote pale. Duka lilisafiri kupitia kwa mabinti.

Nikahesabu milango michache juu, namba 6, Lock & Co., wauza kofia tangu 1676. Nani alikuwa Lock? Alikuwa mwanafunzi wa kazi! James Lock aliingia 1747 kujifunza ufundi kwa Charles Davis, mwenye duka. Akamwoa Mary, binti wa Davis. Mzee alipofariki 1759, kijana wa kazi akawa mwenye duka, na jina la Davis likafutika. Hapo ndipo Edward Coke alipoagiza 1849 kofia ngumu ya mviringo kwa ajili ya walinzi wake wa wanyama wa kuwinda, waliokuwa wakipigwa na matawi kichwani. Inasimuliwa alikuja kuichukua, akaiweka chini, akaikanyaga mara mbili kwa nguvu, ikagoma kubonyea, akalipa shilingi 12 akaenda zake. Waliomtengenezea Lock kofia ile ni ndugu wawili wa ukoo wa Bowler, na dunia nzima ikaiita kwa jina lao. Pale dukani wanaiita Coke hadi kesho.

Naweka kituo, nina zamu alfajiri. Swali langu kwenu: kwetu kuna duka mnalolijua lililopita kwa mkwe au kwa kijana wa kazi, likabaki limesimama?

JichoLaKitongoji

Nimetandika mkeka hapa. Ila mkuu umeruka jambo la msingi. Hiyo mizani ulipanda?

MbebaMaboksi

Subiri. Kuanzia 1765 walikuwa wanapima wateja kwayo na kuandika uzito kwenye daftari, kama leo watu wanavyopiga picha kwenye hoteli kubwa. Lord Byron yule mshairi yumo, na ukifuatilia tarehe unaona alivyokuwa anajikondesha. Mizani ya nyumbani hazikuwepo, kwa hiyo tajiri akitaka kujua kanenepa kiasi gani anakwenda kupimwa kama gunia la kahawa.

BintiShangani

Assalaam aleikum nyote. Kaka MbebaMaboksi, nakushukuru kwa kuanza na mjane, maana wengi wangeanza na Bwana Berry.

Mambo mawili. La kwanza, hiyo kahawa ya 1698. Wakati ule kahawa iliyofika London karibu yote ilitoka Yemen kupitia bandari ya Mukha. Hata sisi neno letu buni tumelipata kwa Waarabu. Kwa hiyo huyo bibi wa St James's na muuza kahawa wa huku kwetu mwenye dele na vikombe walikuwa wanachota kisima kimoja, tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na kibao na mwingine anagongesha vikombe.

La pili, kwa nini mjane? Sheria ya Kiingereza ya zamani ilimfanya mke aliyeolewa kuwa kama hayupo. Mali yake, mshahara wake, hata duka alilokuja nalo, vyote vya mume. Mke hawezi kushitaki wala kuandikiana mkataba kwa jina lake. Mume akifa, anafufuka kisheria! Ndipo anaweza kukopa, kuajiri, kuandika jina lake. Mambo yalianza kubadilika kwa sheria ya 1870, na hasa ile ya 1882. Nasema hivi kwa sababu mnajua wenyewe, kwa fiqhi mke ana mali yake siku zote, aolewe asiolewe. Bibi yangu alikuwa na mashamba ya mikarafuu na babu hakuwa na sauti juu yake, na alimkumbusha kila Ijumaa.

Ila upande wa pili wa shilingi tuuseme pia. Kwetu mirathi inagawanywa: mjane mwenye watoto thumni, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Ni haki, lakini duka moja likipita vizazi vitatu kwa hesabu hiyo, mtu anamiliki kipande cha rafu. Mwingereza alikuwa huru kuandika wasia na kumwachia duka zima mmoja tu, wengine wakajitegemee. Duka linapona, ndugu wanaumia. Chagueni.

MbebaMaboksi

Dada, umefunga goli. Ongezea hawa wajane wawili.

Wa kwanza, Mary Twining. Thomas Twining alinunua mgahawa wa kahawa mtaa wa Strand 1706 na kuanza kusukuma chai. Mwanawe Daniel alipofariki 1762, mkewe Mary akashika usukani kama miaka 20, kipindi kibaya kabisa: ushuru wa chai ulikuwa mkubwa kiasi kwamba chai ya magendo ilizagaa nchi nzima, na nyingine imechanganywa na majani ya ajabuajabu. Mwanawe Richard ndiye aliyekwenda kumshawishi Waziri Mkuu Pitt, na mwaka 1784 ushuru ukashuka kutoka asilimia 119 hadi 12.5. Magendo yakafa yenyewe. Duka la 216 Strand lipo, jembamba kama ukumbi wa kupitia, unaweza kunyoosha mikono ukafikiria utagusa kuta zote mbili. Nimejaribu, haigusi, nikachekwa na mama mmoja aliyekuwa anachagua chai.

Wa pili, Anna Smith. Yeye na mumewe Henry Walton Smith walifungua kibanda cha magazeti London 1792, na mwaka huohuo mume akafa. Anna akaendesha mpaka 1816 alipofariki, na wanawe wakaendeleza. Hicho ndicho kilichokuja kuwa WHSmith. Herufi W na H ni za mtoto, William Henry. Ya mama haipo.

WakiliMchovu

Mnapita Whitechapel bila kubisha hodi kwa Salomon? Haiwezekani.

Kila aliyesoma sheria Mlimani, Nairobi au Makerere amekaririshwa kesi hii hadi usingizini, lakini wengi tunasahau kwamba ilianza kama ugomvi wa duka la ukoo. Aron Salomon alikuwa mtengeneza mabuti Whitechapel High Street. Biashara yake mwenyewe, imenona. Vijana wake wanne wanafanya naye kazi na wanamsumbua: mzee, sisi tutakuwa vibarua mpaka lini? Mwaka 1892 akaamua kuigeuza kampuni yenye ukomo wa dhima. Sheria ya wakati ule ilitaka wanahisa wasiopungua saba. Mzee akahesabu mezani pale chakula cha jioni: yeye, mke, binti, wavulana wanne. Saba hao! Jumla ya hisa 20,007. Mke na watoto kila mmoja hisa moja. Mzee 20,001.

Akaiuzia kampuni biashara yake mwenyewe kwa bei ya mapenzi, kama pauni 39,000, na sehemu ya malipo ikawa hati za dhamana za pauni 10,000, maana yake kampuni inamdai... samahani, kampuni inadaiwa na yeye, tena kwa deni lenye ulinzi. Muda si muda migomo ikaikumba kazi ya viatu, serikali ikagawa zabuni za mabuti kwa watu wengi, kampuni ikafilisika. Wadai wa kawaida wakakuta mzee yuko mbele yao kwenye foleni. Mahakama za chini zikasema huu ni ujanja, kampuni ni kivuli chake. Mabwana wa juu kabisa, Bungeni, wakasema hapana: kampuni ni mtu mwingine, hata kama mwenye hisa zote ni yuleyule. Kesi imechapishwa katika taarifa za 1897 na bado inatusumbua kwenye kila shauri la madai ya kampuni huku kwetu.

Sasa rudi kwenye hoja ya mwanzisha uzi. Kabla ya hapo duka lilikuwa ni mwili wa mzee, akifa linaanza kuoza. Baada ya hapo duka ni mtu wa pekee asiyekufa. Kwetu watu wanaandikisha kampuni kwa sababu ya zabuni tu. Mzee akiondoka unakuta hisa zote jina lake, mkurugenzi ni yeye, na mhuri uko chini ya godoro.

Na kidogo juu ya mawigi. Ede & Ravenscroft, mafundi wa majoho tangu 1689. Ravenscroft walikuwa ukoo wa watengeneza mawigi. Humphrey Ravenscroft ndiye aliyepata hataza 1822 ya wigi la mahakamani la manyoya ya farasi, lisilohitaji unga wala kukunjwa kila wiki. Binti wa Ravenscroft akaolewa na Ede, basi majina yakaungana mlangoni. Mkwe tena! Wigi la mtindo huo ndilo lililotoa jasho majaji wetu kwa miongo, hadi Jaji Mkuu Mutunga alipolitupilia mbali Kenya 2011.

MachingaMstaafu

Wakili, hilo la mhuri chini ya godoro unalisema kama umefika kwetu.

Nauliza, wote hawa ni wa mitaa ya kifahari. Hakuna aliyeanzia chini? Aliyetandika turubai?

MbebaMaboksi

Yupo, na ndiye ninayempenda kuliko wote.

Michael Marks, Myahudi kutoka Slonim, siku hizi ni Belarus, wakati ule himaya ya Urusi. Alifika Uingereza bila Kiingereza cha maana, akiwakimbia watesi. Akawa anatembeza bidhaa vijijini Yorkshire, mzigo mgongoni. Isaac Dewhirst, muuza jumla wa Leeds, akamkopesha pauni 5. Mwaka 1884 akapata meza soko la Kirkgate pale Leeds.

Sasa mtu hajui lugha, atapatanaje bei? Akatafuta njia ya mkato. Bidhaa zote za peni moja akaziweka upande mmoja, akaandika: usiulize bei, ni peni moja. Vifungo, sindano, uzi, sahani, vitu hivyo.

MachingaMstaafu

Hahaha! Huyo ni wa Kariakoo huyo! Jero jero jero, chagua uipendayo, mama chagua! Mimi nimeuza soksi na vibanio kwa mtindo huo miaka tisa. Siri yake haiko kwenye bei ndogo, iko kwenye mteja kutoogopa kuuliza. Akishaona jero anakusanya mwenyewe, anafika mwisho wa turubai ana vitu vya elfu nne. Na wewe hupotezi mate. Kumbe mzee aligundua hili 1884?

MbebaMaboksi

Ndiyo hivyo. Mwaka 1894 akatafuta mbia. Keshia wa Dewhirst, Tom Spencer, akaweka pauni 300 akapata nusu. Marks & Spencer. Ila angalia kilichofuata. Spencer akafa 1905, Marks 1907. Mtoto wa Marks, Simon, bado kinda, uongozi ukakamatwa na mtu wa upande wa Spencer, na ilichukua mpaka 1916 Simon kuurudisha. Alirudisha akiwa na nani? Israel Sieff, rafiki yake wa shule. Simon alimwoa dada wa Israel, Israel akamwoa dada wa Simon. Hao mashemeji wawili ndio walioifanya M&S mnayoijua. Ukoo wa Spencer ukabaki kwenye kibao.

MwanaKaimosi

Ndugu, mmegusa bei moja na mimi nimekulia kwenye Kanisa la Marafiki, hawa wanaoitwa Quaker. Misheni ya Kaimosi ilianza 1902, na leo Kenya ndiyo yenye Quaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote, kwa hivyo hii ni habari ya nyumbani.

Quaker wa Uingereza walikuwa wanauza kwa bei moja karne mbili kabla ya Marks. Kwao kupatana bei ni uongo: unasema mia ukijua utachukua sitini, basi ulidanganya ulipotaja mia. Mteja akaanza kupenda maduka yao kwa sababu anaweza kumtuma mtoto na asipunjwe. Na hawakuapa kiapo, wala kufuata kanisa la dola, kwa hivyo milango ya Oxford na Cambridge na kazi za serikali ilifungwa mbele yao. Mtu mwenye akili alibaki na nini? Biashara. Hesabu: Fry wa Bristol, waliotoa kipande cha kwanza cha chokoleti ya kutafuna 1847. Rowntree wa York. Clark wa kijiji cha Street, Somerset, 1825, walioanza na mazulia ya ngozi ya kondoo na mabaki wakashona ndara. Huntley na Palmer wa Reading, biskuti. Barclays na Lloyds pia mizizi yao ni huko huko.

Halafu kuna hii inayounga mkono hoja ya mwenye uzi. Mpaka karibu 1860, Quaker akioa nje ya Marafiki alitengwa. Kwa hivyo mwoka mikate alimwoa binti wa mwenye benki, na mwenye benki alimwoa binti wa muuza kakao. Mtaji ulizunguka kwenye meza hiyo hiyo ya arusi. Mkwe hakuwa mgeni kabisa, alikuwa binamu wa mtu.

John Cadbury alifungua duka Bull Street, Birmingham, 1824, chai, kahawa na kakao, akiwatafutia watu kinywaji mbadala wa pombe. Wanawe 1879 wakahamisha kiwanda nje ya mji, Bournville, wakajenga nyumba zenye bustani. Na baa, hakuna.

Mchokozi_wa_Hoja

Samahani naharibu arusi. Kakao ya hao watakatifu ilitoka wapi?

São Tomé. Watu walikamatwa Angola, wakasainishwa mikataba wasiyoisoma, wakavushwa bahari, karibu hakuna aliyerudi. Cadbury walipata fununu 1901, wakamtuma Joseph Burtt kuchunguza 1905, akazunguka hadi 1907. Wakasubiri, wakaandikiana na Wizara ya Mambo ya Nje. Waliacha kununua 1909. Gazeti la Standard lilikuwa limewaita wanafiki 1908, wakalishitaki kwa kashfa, na kesi ikasikilizwa Birmingham 1909. Baraza la wazee wa mahakama likasema Cadbury wameshinda, na fidia yao ni robo peni. Robo peni! Hukumu nzima iko kwenye hiyo sarafu.

Na Greene King, bia, 1799. Mwanzilishi Benjamin Greene alikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa Karibi, na alipinga kuachiwa kwao huru. Kampuni iliomba radhi 2020. Kwa hiyo mkisema duka lilidumu kwa sababu ya mkwe mzuri, ongezeni na sukari.

MwanaKaimosi

Sina ubishi. Robo peni hiyo hatukufundishwa Sunday school.

MbebaMaboksi

Mchokozi leo umechokoza penyewe. Naongeza tu kwamba hata Cadbury yenyewe haina ukoo tena, Kraft wa Marekani waliimeza 2010, na Desemba 2024 ikapoteza hati ya kifalme, ile ya kuuzia nyumba ya mfalme, iliyokuwa nayo tangu Victoria, 1854.

MajaniMawili_naChipukizi

Nasalimu kutoka Kericho. Mnaongea majina ya mlangoni, mimi nawaletea jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Brooke Bond, waliofungua mashamba ya chai huku kwetu miaka ya 1920. Babangu na mamangu wote walichuma. Nikiwa mdogo niliamini Brooke na Bond ni wazungu wawili, mmoja mnene mmoja mwembamba. Kumbe Arthur Brooke alifungua duka la chai Market Street, Manchester, 1869, peke yake. Bond hayupo! Alilibandika kwa sababu lilisikika vizuri, jina la watu wawili linaleta heshima. Neno lenyewe maana yake ni ahadi au dhamana kwa mteja. Miaka yote hiyo wazazi wangu walikuwa wameajiriwa na nusu mzimu.

Omuto_wa_Mengo

Kwa vile biskuti za Reading zimetajwa: Biblia ya Kiganda ya 1896 ilichapishwa kwa umbo nene, fupi, la ajabu, makusudi iingie ndani ya bati la biskuti la Huntley & Palmers. Mchwa! Mchwa walikuwa wanakula vitabu vyote. Bati lilikuwa limefika Uganda kabla ya barabara. Wazee waliiita Biblia ya bati la biskuti. Basi.

BintiShangani

Hiyo ya bati imenipendeza kuliko zote. Kaka mwenye uzi, hujatuambia waliokufa.

MbebaMaboksi

Wapo, na nimewapitia.

Whitechapel Road kulikuwa na kiwanda cha kengele, cha kampuni ya tangu 1570. Pale ndipo ilipomiminwa Big Ben 1858, zaidi ya tani 13, na kabla yake ile Kengele ya Uhuru ya Wamarekani, 1752. Ukoo wa Hughes waliushika tangu 1904. Ulifungwa 2017. Kengele haiharibiki, wakuu, hilo ndilo tatizo la kuuza kitu kinachokaa miaka mia tatu: mteja harudi.

Kent kulikuwa na wajenzi wa Durtnell, kijiji cha Brasted, tangu 1591, vizazi 13, baba na mwana safari hii kwelikweli. Wamevuka vita vyote na tauni zote. Julai 2019 wakafilisika. Na hapo nikawaza, hawa ndio waliofuata mstari ulionyooka. Ila sitaki kudanganya, wapo walionyooka na wakapona: Balson, wauza nyama wa Bridport, Dorset, ukoo wao ulikuwa na kibanda sokoni 1515 na bado wanakata nyama mjini pale.

John Lewis sikumtaja na wakili atanidai. Alifungua Oxford Street 1864, akagombana na mwenye ardhi kuhusu masharti ya fremu mpaka 1903 akalala jela ya Brixton wiki tatu, ana miaka 67, kwa kudharau amri ya mahakama. Mwanawe Spedan alipochungulia hesabu akaona yeye, ndugu yake na baba yao wanachukua sawa na wafanyakazi wote kwa pamoja. Mzee alipofariki, Spedan akaiweka kampuni kwenye amana ya wafanyakazi, hatua ya kwanza 1929, ya mwisho 1950. Dada Shangani, hicho si kama wakfu?

BintiShangani

Kinakaribia. Wakfu huweki ukaweza kuuza. Lakini nia ni ileile, kukitoa kitu mikononi mwa warithi kabla hawajakipasua.

JichoLaKitongoji

Mkuu, WHSmith ya yule mama Anna imeishia wapi?

MbebaMaboksi

Mwaka 2025 wameuza maduka yote ya mitaani, wakabaki na ya viwanja vya ndege, stesheni na hospitali. Mnunuzi hakuuziwa jina la WHSmith, kwa hiyo akatunga lake: TGJones. Hakuna bwana Jones. Hakuna T wala G. Wamechagua jina la ukoo ili wateja wahisi kuna ukoo. Ndugu yetu wa Kericho, Bond amepata mdogo wake.

Njia yangu ya Ijumaa ina moja. Kibao kipya rangi ileile ya buluu, na ukisimama pembeni jua likiwa chini unaona ukutani alama za herufi za zamani, pale palipokuwa hapajapigwa na jua.

JichoLaKitongoji

Na mizani? Naona unanikwepa tangu juzi.

MbebaMaboksi

Sikupanda. Nilikuwa na maboksi sita mkononi na gari nimelisimamisha kwenye mistari miwili ya njano.